Umeposa Ndege Nzima

Sirsabari,
siku ya soko, mwezi wa Magh

Kumud mjukuu wangu,

Naandika kwa mkono wangu. Karani wa posta alitaka kuniandikia, nikamwambia akae na kalamu yake. Mara ya mwisho nilimwambia "mwambie ale", yeye akaandika "Bibi anakutakia afya njema". Herufi zangu zimepinda lakini hazisemi nisichosema.

Kadi zako za chakula cha ndege zimefika. Nimezitandaza juu ya kitanda cha kamba nikaziangalia moja moja, na Lalmuni wa jirani akaja kuziangalia bila kuitwa. Kumbe hiki ndicho ulichokwenda kusomea Bombay: karatasi ya kumwambia mtu atakula nini, wakati chakula chenyewe kinaletwa mpaka puani. Haya.

Ya London yenye daraja na ukungu sina neno nayo, ingawa ukungu wenyewe unafanana na maji ya mchele yaliyomwagika. Ya Tokyo, mlima umekaa vizuri. Ya Roma ina nyumba iliyobomoka. Kwa nini umwonyeshe mtu nyumba iliyobomoka kabla hajala? Na hii ya Nairobi, simba wake mbavu ziko nje. Simba huyo ana njaa kuliko abiria. Lalmuni akasema labda simba wa huko ndivyo walivyo. Nikamwambia simba aliye kwao hawezi kukonda namna hiyo, huyu kachorwa na mtu aliyemwona kwenye stempu.

Kweli si kweli? Miji yote hiyo hujaikanyaga hata mmoja.

Sasa sikiliza la maana. Tarini Devi wa Darbhanga amekubali nusu. Mwanawe Shaligram ni mwalimu, na alisema mbele ya mama yake, mimi nikisikia, kwamba mke wake akitaka kushika brashi baada ya ndoa, ashike, hata akitaka kurudi Bombay kumaliza kazi yake, amalize. Nimetafuta nyumba ya namna hiyo tangu mwaka wa ukame. Hakuna nyingine. Wengine wote waliniuliza kwanza kama unajua kupika, halafu wakaniuliza lini utaacha kazi.

Lakini Tarini anatafuta sababu ya kukataa. Mwanamke yule akiwekewa wali mweupe hutafuta jiwe. Kwa hiyo huko uliko tulia kama maji ya mtungi mpaka Baisakh, mwezi wa harusi. Usitikisike. Usisikike. Mimi hapa silali vizuri mpaka uvuke kizingiti cha nyumba ile.

Na ule. Picha uliyotuma inaonyesha shingo tu.

Bibi yako,
Phuleshwari


Bombay,
4 Februari 1969

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Nagusa miguu yako kutoka mbali.

Simba nimemnenepesha. Nilimsomea maneno yako Bwana Framroze, mkuu wa chumba chetu cha michoro, akacheka mpaka akavua miwani, akasema, "Huyo bibi aje achukue kiti changu." Yeye ana sheria moja: kadi imfikishe abiria kabla ya ndege. Mtu akiifungua aone mji anaokwenda, hata kama chini ni mawingu matupu.

Sasa kuna jambo nataka unisaidie. Shirika linataka kadi mpya kwa safari za kurudi, kutoka London kuja huku. Wenzangu wamechora lango la bandari, wamechora majumba ya wafalme, Bwana Framroze akazisukuma zote kando. "Hayo yako kwenye makopo ya chai," akasema. Kisha akanigeukia. "Wewe kwenu wapi? Chora huko."

Bibi, nimechora miji ya watu bila woga, nilipoambiwa nichore kwetu mkono ukaganda. Siku nzima karatasi nyeupe. Nichore nini? Jibu upesi, maana wachapaji wanasubiri, na barua yako ikichelewa itabidi nichore kile moyo utakachoniambia.

Nyuma ya kadi litachapwa jina langu, na chini yake "Sirsabari, Mithila". Fikiria, kijiji chetu kitapita juu ya bahari.

Usiwe na wasiwasi na mambo ya Darbhanga. Nimetulia.

Mjukuu wako,
Kumudini


Sirsabari,
siku ya pili baada ya soko, mwezi wa Phagun

Kumud,

Barua yako ilikaa posta, karani alikuwa kwenye harusi ya shemeji yake. Nimejibu papo hapo, wali uko motoni unaungua.

Chora bwawa. Chora majani ya makhana yaliyolala juu ya maji na miiba yake, na wale wanaume wanaozamia kuokota mbegu, vichwa tu nje. Chora samaki wawili, midomo wazi. Chora mwanamke anapepeta. Chora ndovu ukitaka, wageni wanapenda ndovu, hata sijui kwa nini.

Lakini kohbar, mchoro wa ndoa, usiiguse.

Najua unajua, ila Bombay inasahaulisha watu, kwa hiyo nakuambia kama mtoto. Yungiyungi lenye mwanzi uliopenya katikati kazi yake ni ukuta wa chumba cha bibi harusi, basi. Likihamia kwenye karatasi, karatasi ikafungwa uzi mwekundu, ikatiwa mkononi mwa mwanamume, nyumba ya msichana imeposa. Nyumba ya mwanamume ikijibu kwa vitamu, imekubali, na hapo hakuna kurudi nyuma. Kuna vijiji viwili ng'ambo ya mto havijanywa maji pamoja tangu mimi nikiwa bibi harusi, kwa sababu ya karatasi moja iliyokubaliwa halafu ikakanwa. Wanazikana kwa mbali.

Kwa hiyo samaki. Ndovu. Bwawa. Umesikia?

Bibi yako


Bombay,
27 Februari 1969

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata.

Kadi imekwisha na imependeza. Samaki wapo, wawili, midomo wazi. Rangi ni nyekundu na nyeusi tu, mistari myembamba kama ulivyonifundisha. Wachapaji wamefunga kishada cha uzi ukingoni. Bwana Framroze aliitazama, akasema tusibadilishe kitu.

Nitakuletea mwenyewe nikija. Kwenye posta zinakunjika.

Niko salama. Nakula.

Kumudini


Sirsabari,
mwezi wa Phagun, kesho yake sikukuu ya rangi

Kumud,

Barua fupi. Tangu utoto wako wewe ni msemaji, isipokuwa siku uliyovunja kitu. Umevunja nini?

Zile za London na Tokyo hazikukunjika. Hii ndiyo inakunjika?

Labda ni uzee wangu. Basi nitakuambia ya huku. Tarini alikuja na kamba akapima mlango, eti kitanda chenu kitapitaje siku ya kuondoka. Nikamwambia kitanda kitapita kama vilivyopita vingine, kwa ubavu. Siku imewekwa, wiki ya kwanza ya Baisakh. Baba yako ameandika kutoka Kalkuta kwamba atakuja, maneno mengine hana, unamjua.

Binti wa mkuu wa kijiji naye anaolewa siku chache kabla yako. Wataniita kama kawaida. Katika kijiji hiki hakuna kohbar iliyoanza bila nukta ya kwanza kutoka mkono wangu, na Lalmuni, anayeitamani nafasi hiyo, anaweza kukohoa anavyotaka.

Niandikie barua ndefu.

Bibi yako


Tilakpur,
mwezi wa Chait, siku ya Jumatatu

Kwa Bibi Phuleshwari Devi wa Sirsabari,

Salamu zangu za heshima kwako na kwa wote wa nyumbani kwako.

Hatujawahi kukaa mkeka mmoja, lakini jina lako nalijua, nani hapa asiyelijua. Mimi ni Ahilya, mjane, mama wa Umakant ambaye ni daktari katika hospitali London.

Mwanangu amekuja likizo. Ndani ya ndege mwanamke aliyevaa sari alimpa, kwa mikono miwili, karatasi yenye kohbar, imefungwa uzi mwekundu. Baada ya chakula akampa kitamu na kipande cha popoo. Nyuma ya karatasi pana jina la mjukuu wako na la kijiji chako. Umakant ameniletea karatasi hiyo kifuani, ndani ya shati. Dada yangu, mwanangu amewakataa wasichana wote niliomtafutia, hakuna picha aliyoitazama mara mbili. Hii alilala nayo.

Sikutegemea nyumba kubwa kama yako ituangalie sisi. Njia mliyoitumia ni ngeni, lakini siku hizi mambo mengi ni mageni.

Mwenye kuleta barua hii analeta na chungu cha vitamu vya khaja. Tumekubali.

Wako kwa heshima,
Ahilya, mama wa Umakant


Sirsabari,
mwezi wa Chait, Jumatano

Kumud,

Sijakusalimia. Soma kwanza hiyo karatasi niliyoambatanisha, ya mwanamke wa Tilakpur. Nakusubiri.

Umesoma? Sasa niambie samaki wako wawili walikuwa wapi. Walikuwa chini ya mwanzi, sivyo? Ndani ya kohbar kuna samaki, kweli, hukusema uongo. Nilikulea mimi, nakujua unavyojificha nyuma ya kipande cha ukweli.

Nilikwenda Tilakpur kwa gari la ng'ombe, mgongo wangu sina tena. Nimeiona. Jina, kijiji, uzi, popoo, mikono miwili. Kilichokosekana ni ngoma tu. Nikamwambia, "Mama Umakant, hii ni kadi ya chakula. Tazama, hapa chini wameandika wali, hapa wameandika kuku." Akaniambia taratibu, "Na sisi siku ya posa hatuli?"

Nilimwuliza, hao abiria wengine nao walipewa? Akasema hilo hajui, yeye anamjua mwanawe.

Lakini Tarini amejua. Nani kamwambia sijui, habari huku ina miguu. Ameleta mtu na maneno haya, nakuandikia kama yalivyo: "Bibi harusi wetu ameposa ndege nzima. Wahindi, Wazungu, na rubani. Nije nichukue nafasi gani kwenye foleni?" Anataka jibu kabla ya mwezi mpya. Kama ile ni kohbar, uchumba umekufa, na hakuna nyumba nyingine itakayosogea baada ya hapo. Kama si kohbar, aonyeshwe kwa nini si kohbar.

Na nikimjibu Ahilya kwamba hatukuposa, nimemkana mjane aliyekwisha kukubali. Tilakpur wote watageuza migongo. Watoto wa hapa wanasoma shule ya Tilakpur, Kumud. Wanakunywa maji ya kisima cha kule.

Chungu cha khaja nimekining'iniza darini. Tukila tumefunga posa, tukikirudisha tumetukana. Sisimizi wamekwisha kukigundua. Kila nikiingia nainua macho kukitazama kama mtu aliyefungiwa nyoka juu ya kichwa.

Niambie kwa nini. Nilikukataza kwa herufi kubwa.

Phuleshwari


Bombay,
26 Machi 1969

Bibi,

Nagusa miguu yako na siinui kichwa.

Barua yako ya kunikataza ilifika kadi ikiwa kwa wachapaji. Ningeweza kukimbia kuisimamisha. Bwana Framroze angefoka lakini angesimamisha. Sikukimbia. Nilijiambia, ndani ya ndege nani atajua? Kwa Mwingereza ni maua. Kwa mtu wa Bombay ni maua. Sikufikiri kwamba mtu wa kwetu anaweza kupanda ndege. Ona ujinga wangu, mimi mwenyewe ni mtu wa kwetu na nimefika Bombay.

Unauliza kwa nini. Niliambiwa nichore kwetu. Nilianza na bwawa, likawa bwawa la mahali popote. Nilichora ndovu, akawa ndovu wa kopo la chai. Nikafumba macho ili nione nyumbani, na kilichokuja ni ukuta ule. Ukuta uliomchorea mama siku alipoletwa bibi harusi. Baada ya kufa kwake wewe ulikuwa unanisimamisha pale, unanishika kidole unakipitisha juu ya mistari, kutoka mzizi wa mwanzi kwenda juu, na kunikemea nikiruka jani. Mimi sina nyumbani kwingine, Bibi. Mkono ulikwenda wenyewe.

Na nilikuficha kwa sababu niliogopa. Si Tarini Devi niliyemwogopa.

Naacha kazi. Nakuja na treni ya Ijumaa. Nitakwenda Tilakpur na Darbhanga nikaombe radhi kwa miguu yangu. Shaligram akiniacha, nitakuwa nimestahili, ingawa kila nikishika brashi namkumbuka alivyokuambia mimi nishike.

Kumudini


Sirsabari,
mwezi wa Chait, siku ya soko

Kumud,

Usije. Ukionekana hapa sasa, kila mmoja atasema amekuja kuchagua bwana. Baki hapo ulipo, nenepesha simba.

Usiombe radhi kwa mtu yeyote, wala kwa barua. Mwenye kuomba radhi amekwisha kukiri kwamba aliposa.

Nijibu neno moja tu, kwa simu ya maandishi, si kwa barua. Ule ukuta uliuchora wote? Hukuacha kitu, hukuongeza kitu?

Usiulize naulizia nini.

Bibi


SIMU
BOMBAY, 5 APRILI
WOTE. SIKUACHA KITU. SIKUONGEZA. KUMUD


Sirsabari,
mwezi wa Baisakh, siku ya kwanza

Kumud mjukuu wangu,

Imekwisha. Kunywa maji kwanza halafu usome.

Niliwaita wote siku moja, Tarini na Ahilya, ili mmoja asije akamsikia mwenzake kwa midomo ya watu. Tarini alikuja na Shaligram, akamwacha barazani kwa sababu ndani ilikuwa ni mambo ya wanawake. Ahilya alikuja na kadi yako kwenye kitambaa chekundu, anaishika kama mtu aliyebeba yai. Daktari mwenyewe amekwisha kurudi London. Lalmuni alikuja bila kuitwa.

Tarini hakuanza hata na salamu nzima. "Mimi sina maneno mengi," akasema, na akaendelea nayo mengi. "Kama hii ni kohbar, msichana kaposa kwingine, nami naondoka na mwanangu. Na angekuwa ameposa mmoja, ningesema ni bahati mbaya. Ameposa ndege nzima."

Kutoka barazani Shaligram akasema, "Mama, ndege nzima imepata kadi. Mimi mchumba wake ndiye sijapata."

"Wewe kunywa chai unyamaze."

"Chai imekwisha, Mama."

Nilimpenda kijana yule pale pale, lakini sikucheka. Nilichukua kadi mkononi mwa Ahilya, nikaipeleka mlangoni kwenye mwanga, nikaitazama mpaka wakaanza kujikuna. Halafu nikasema, "Kobe yuko wapi?"

"Kobe gani?" Ahilya akauliza.

"Kobe wa nyumba yangu. Kila nyumba ina kohbar yake, nyie wote mnajua. Kwangu mimi mwanzi husimama juu ya mgongo wa kobe. Hapa sioni kobe. Mwanzi huu umesimama juu ya nini? Juu ya wali na kuku?"

Tarini akasema maneno ni rahisi, aonyeshwe. Nikawafungulia chumba cha mama yako.

Wakaingia wakachutama mbele ya ukuta. Yungiyungi lipo, mwanzi upo, kasuku wapo, samaki wapo. Na chini kabisa, kwenye mzizi, kobe, amefifia, ana vumbi, shingo ameitoa kidogo. Tarini akaweka kadi yako kando yake, akapeleka macho huku na huku. Kasuku kwa kasuku, jani kwa jani. Kobe hakuna.

Wakati huo Lalmuni alikuwa amefungua mdomo. Kumud, yule mwanamke ameingia chumba kile mara nyingi kuliko paka. Anaujua ukuta ule. Alimtazama kobe, akanitazama mimi, akamtazama tena kobe. Kisha akasema, "Kobe huyu ndiye alinisumbua siku zote, kupangusa vumbi pale chini lazima upige magoti."

Nikaendelea, maana bila kuendelea isingetosha. Niliwaambia hivi: "Hii si kohbar. Msichana hajui kohbar. Nilimfundisha mimi, na nilimfundisha vibaya, nikamwacha aende Bombay hajaiva. Amechora maua. Hakuna aliyeposa, na asiyeposwa hawezi kukataliwa." Wanawake wa kijiji kizima walikuwa wamejaa uani wakisikia.

Tarini aliinuka akajipangusa magoti, ameridhika kama aliyepata jiwe lake ndani ya wali. "Basi akija kwangu," akasema, "nitamfundisha upya."

Nami nikanyamaza. Mimi, Phuleshwari, nikanyamaza.

Ahilya hakulia. Alikunja kitambaa chake, akakunja tena mpaka kikawa kidogo sana. "Kwa hiyo mwanangu alipewa maua," akasema.

"Maua mazuri, mama Umakant."

"Aliniambia yalimkumbusha nyumbani. Mimi nikasikia kitu kingine." Tulipotoka chumbani akainua macho kwenye dari, akaona chungu chake. "Kiteremsheni kile. Khaja zinaharibika, na hakuna posa hapa ya kuzuia watu wasile."

Tukala. Zilikuwa zimelegea na zina sisimizi, na hakuna aliyesema. Shaligram akala nyingi.

Wakati wa kuondoka Ahilya aliomba abaki na kadi, nikamwambia ni yake. Pale kwenye gari la ng'ombe akanishika kiganja. "Dada," akasema kwa sauti ya chini, "mwanzi ule umechorwa na mkono unaojua." Nikamshika mkono apande.

Sasa nakuambia, halafu barua hii uiweke jikoni kwenye moto.

Siku ya soko, kijiji kikiwa kitupu, nilikoroga masizi ya taa na gundi ya mgunga. Ukuta ule sikuwa nimeugusa tangu siku tuliyomtoa mama yako. Kila mwaka kuta nyingine tunazikandika upya, ule nauacha, watu wananicheka kwamba naweka ukuta mchafu. Niliketi mbele yake na brashi ya mwanzi mkononi. Nilimwomba mama yako ruhusa kwa sauti. Nikamwambia, binti yako anataka kwenda kwa mtu atakayemwachia brashi, sogea kidogo, nataka kupitisha kobe. Nilipomaliza nikampaka majivu na vumbi la jikoni, nikampuliza, nikafunga mlango.

Jana binti wa mkuu wa kijiji alichorewa chumba chake. Nukta ya kwanza wamemwita Lalmuni. Ndiyo hivyo, nani amwite mwalimu aliyefundisha vibaya? Nilikaa uani kwangu nikichambua dengu na kusikia nyimbo. Alipomaliza, Lalmuni alipita hapa na rangi kwenye vidole akaniuliza kama mstari wa kasuku huanzia mdomoni au mkiani. Anajua vizuri sana unapoanzia. Nikamwambia mdomoni.

Kadi zako ziache kama zilivyo, zipite juu ya bahari bila kobe, ziwe maua. Usimwambie huyo Framroze abadilishe. Lakini ukutani kwako, wiki ijayo, kobe atakuwepo, na ukija kumfundisha binti yako, kidole chake ukianzishe kwa kobe, si kwa mzizi. Ni wa nyumba yetu sasa.

Na jambo moja. Kabla hawajafika, asubuhi ile, nilikuwa nimekwisha kuiona kadi yako nyingine. Shaligram aliandika kwa shirika akaomba moja, akanitumia kimya kimya, mama yake hajui, ndiyo maana barazani alijifanya hajapata. Niliitafutia kosa mpaka macho yakatoa maji, maana nilitaka nilipate, ili mbele ya watu nisiseme uongo. Jani, jicho la samaki, kila pingili ya mwanzi.

Sikulipata.

Njoo na treni ya Ijumaa. Na ule njiani.

Bibi yako,
Phuleshwari